Mwisho Ambao Daktari Kanti Alinificha

Vijana wangu wa zamu, wiki mliyoniaga kazini mlinipa saa ya ukutani, na nawashukuru. Mtu ameamshwa na simu na vilio maisha yake yote, siku anayoambiwa akapumzike mnampa kitu cha kumkumbusha saa. Nimeitundika sebuleni, inaenda mbele kidogo, kama ninyi mnapotaka kukabidhi wodi.

Wiki hiyohiyo mlinichukua kwenda kwenye semina ya uchovu wa watoa huduma, kule hotelini kando ya Ziwa Singidani. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam. Alitufundisha kwanza kupumua, jambo ambalo nilidhani wengi wetu tulikuwa tunaliweza. Kisha akaonyesha ukutani mambo saba ambayo daktari aliyechoka anaweza kujifunza kutoka kwenye tenzi za kale za Wahindi. La kwanza lilisema: fanya wajibu wako bila kung'ang'ania matokeo. Wote mkainama mkaandika. Mimi sikuandika, kwa sababu maneno hayo niliyasikia kabla mwezeshaji hajazaliwa, na aliyeniambia alikuwa ananiachia zamu ya sikukuu.

Nimeona niwaandikie kabla hamjayaamini yote saba. Habari za vyeo nitaziruka, kama zenyewe zilivyoniruka. Mshahara mnaujua.

Nilianza kazi kwenye hospitali moja ya Singida Mjini nikiwa tabibu mpya, nimevaa koti jeupe ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Daktari wa upasuaji aliitwa Kanti. Alikuwa Mhindi wa Singida hasa. Baba yake aliuza vitambaa karibu na soko, na yeye alijua Kinyaturu cha kutosha kumtukana mbuzi.

"Shikamoo daktari," nikamwambia.

"Marahaba. Mikono yako inatetemeka?"

"Hapana."

"Itatetemeka. Chukua kikombe hiki."

Kilikuwa kikombe cha bati chenye msumari alioubandika ndani, kwenye kitako, kwa plasta. Nilitakiwa kufunga uzi kwenye msumari huo kwa vidole viwili bila kikombe kusogea mezani. Nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikajua kwamba ndani ya tumbo la mtu hakuna nafasi zaidi ya hiyo, na kwamba nyama, tofauti na bati, hulipa kisasi ukiivuta. Fundo la kwanza linashika, alikuwa akisema, la pili linafunga, la tatu ni la kukuwezesha kulala. Nimeona siku hizi mnafunga mawili mkakimbilia simu.

Nilipokuwa nafunga, yeye alikunywa chai na kunisimulia ile hadithi ya vita. Majina yalikuwa marefu, nikayaacha. Watoto wa baba mkubwa na watoto wa baba mdogo wanagombea urithi, mazungumzo yamevunjika, majeshi yamepangwa. Nikamwambia hiyo si hadithi ya Kihindi, ni kesi iliyoko baraza la kata kila Alhamisi. Akasema ndiyo maana ananisimulia. Basi yule mpiga mishale hodari kuliko wote anamwambia dereva wa gari lake la farasi asimame katikati, aangalie upande wa pili. Anawaona wajomba, babu, na mwalimu aliyemfundisha kushika upinde. Upinde unamtoka mkononi, anakaa chini garini, anasema siwezi. Dereva, ambaye ni binamu yake na kwa imani yao ni Mungu mwenyewe aliyejificha kwenye udereva, anamwambia inuka. Kazi ni yako, matunda si yako.

Mimi ni Mwislamu, nilisikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za ng'ambo. Lakini niligundua jambo. Daktari Kanti alifika kwenye maneno hayo ya matunda kila alipokuwa na safari. Ikikaribia sikukuu yao ya taa, matunda. Mke wake akitaka kwenda Dodoma, matunda. Wakati wa masika, daktari mwenzake akiwa amekwama njiani, nilikuwa nimefanya kazi zote na sijaona hata kokwa. Na hadithi aliikatia palepale, dereva anaposema inuka na mpiga mishale anainuka. Nilipomuuliza ikawaje, alisema, "Walipigana, walishinda. Kunywa chai."

Nikaenda tena chuoni, nikarudi daktari msaidizi mwenye ruhusa ya kupasua, nikapangiwa kituo cha afya upande wa Ikungi, karibu na kwetu Ihanja. Aliyenipanga alidhani ananifanyia hisani. Nusu ya foleni walikuwa shangazi zangu, na nusu nyingine walidai ni shangazi zangu. Hakuna aliyekuja na ugonjwa peke yake. Alikuja na ugonjwa, kuku na historia ya siku niliyobebwa mgongoni. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wanasema. Kweli, lilibakiza kipande.

Daktari Kanti alikuwa ameagana nami kwa sharti moja, nisimpasue ndugu yangu kamwe. Sharti zuri. Linamfaa mtu ambaye kituo chake kina daktari wa pili.

Asubuhi moja wakamleta Zainabu, mke wa mdogo wangu Juma. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, iliyochelewa hata watu wakaanza kuulizana kwa pembeni. Uchungu ulikuwa umemshika nyumbani tangu siku iliyotangulia, kisha ukakata ghafla, jambo ambalo waliomleta walilisimulia kama nafuu. Vijana, uchungu ukikata ghafla kwa mama ambaye hajajifungua, msimshukuru Mungu mapema. Nilipoweka mkono tumboni nikakuta kiungo cha mtoto moja kwa moja chini ya ngozi. Mapigo ya mtoto hayakuwepo. Mapigo ya Zainabu yalikuwa yanakimbia.

"Amepewa nini nyumbani?" nikauliza.

Mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyekuwa mkwe wake na aliyemleta, aliangalia mlangoni. "Amepewa uji."

Ulikuwa uji wenye nguvu kweli. Harufu ya mizizi ile ya kuongeza uchungu naijua, nimezaliwa kwenye nyumba inayoichemsha. Kizazi kilikuwa kimepasuka. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mtu mwingine Singida, na hata lingekuwepo, Zainabu hakuwa na damu ya kusafiria.

Nikatoka kuwaeleza ndugu. Mtoto ametangulia. Nitafungua tumbo, nitajaribu kushona kizazi, na kikishindikana nitakitoa, la sivyo tunampoteza na Zainabu. Niliongea vizuri, kwa utulivu, kama mlivyofundishwa ninyi kwa kuigiza chuoni. Wakanisikiliza vizuri. Kisha wakafanya kikao.

Walikaa kwenye mabenchi nje ya wodi. Baba mdogo akawa mwenyekiti, yule aliyeuza dume lake mimi nikaenda chuo. Mama upande wake wa kulia. Shangazi wa kweli na wale wa kudai. Kila mmoja wao alikuwa amenilisha, amenifuta kamasi au amenichapa kwa faida yangu.

"Mwanangu, sisi hatukatai," baba mdogo akasema. "Tunasema asubiriwe mwenye mke. Ni neno la adabu tu."

"Juma yuko wapi?"

"Rungwa. Ameingia porini kurina asali."

Huko porini Rungwa simu ilikuwa pambo. Kumtafuta Juma kwenye mizinga yake ilikuwa ni kumtuma mtu akamwulize nyuki.

"Baba, huyu hana muda wa kumsubiri Juma."

Mama ndiye aliyejibu, taratibu, macho chini. "Juma hana mtoto hata mmoja. Ukimtoa huyu kizazi, umemfungia mlango ndugu yako. Wewe, tumbo moja. Atakuja akute nini?"

Nilirudi ndani, nikakaa kwenye stuli karibu na sinki, nikashindwa kuinuka. Naandika hivi wazi kwa sababu kwenye semina mliambiwa kwamba daktari hushindwa kuinuka kwa kukosa maji ya kunywa na mazoezi. Mimi nilikuwa nimekunywa maji. Niliogopa. Nilimwogopa mama yangu kuliko nilivyoogopa kifo cha mtu, na hilo lilinitisha zaidi ya vyote. Sharti la kutompasua ndugu lilikuwa linanisubiri pale kama kiti cha kupumzikia, nilichotakiwa ni kulikalia tu na Zainabu angekufa kwa utaratibu.

Simu ilishika mahali pamoja tu, kando ya tangi la maji. Nikampigia Daktari Kanti. Nikamwambia mama anasema nini, baba mdogo anasema nini, Juma angesema nini, na sharti lake linasema nini.

"Umemaliza?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na mgonjwa naye amesafiri kwenda Rungwa?"

Nikageuka nikaangalia mlango wa wodi.

"Mimi ni dereva tu, Hadija. Upinde unao wewe. Nenda kamwulize mwenye tumbo." Akakata simu. Kwa mara ya kwanza hakuwa na safari.

Zainabu alikuwa na akili zake zote, midomo imepauka. Nikainama sikioni mwake nikamweleza yote. Mtoto, kizazi, Juma. Sikumpunguzia kitu.

"Wifi," akasema, "mimi nataka kuishi. Hayo mengine mtayaongea mkiwa mmekaa."

Muuguzi wa ganzi akamlaza usingizi. Nikafungua. Tumbo lilikuwa limejaa damu, na mtoto alikuwa wa kiume, nikampokea nikampa muuguzi amfunike. Nilijaribu kushona kizazi. Nilijaribu kuliko ilivyokuwa busara, kwa sababu ya mama aliyekuwa benchi la nje. Lakini mpasuko ulikuwa umekwenda ubavuni, na kila uzi niliouweka ulikata nyama kama unashona karatasi iliyolowa. Nikafika mahali ambapo kuendelea kushona kungekuwa heshima kwa familia na mazishi kwa Zainabu. Nikakitoa. Mafundo matatu kila mshipa.

Katikati ya kazi nikamtuma muuguzi akaombe damu nje. Kikao kilikuwa na wajumbe tele wa kutoa maamuzi, ghafla kikabaki na wachache wa kutoa damu. Wengine walikumbuka mbuzi. Aliyenyoosha mkono wa kwanza ni baba mdogo, yuleyule wa kusubiri. Ninyi mnaopenda kugawa watu wabaya na wema kwenye chumba chenu cha chai, hilo nalo mliandike.

Zainabu akaishi. Nikatoka, nikapiga goti mbele ya mama. "Shikamoo mama."

Mama alikuwa anakunja khanga yake. Aliikunja vizuri, ncha kwa ncha, akaiweka begani, akaondoka.

Mnajua wenyewe uzito wa hilo. Kwetu mtu mzima anaweza kukunyima shamba, anaweza kukunyima mahari yako na urithi, lakini marahaba hainyimwi. Hata mlevi akisalimia huitikiwa. Nilikwenda Ihanja mwezi uliofuata, nikasalimia, sikuitikiwa. Nikaenda tena, vilevile. Juma alitoka porini na madumu ya asali, akalia, hakunigombeza, akarudi porini. Baadaye akaoa mwingine hukohuko Rungwa, akapata watoto, akawa anakuja Ihanja kama mkaguzi wa wilaya. Zainabu alibaki kwa mkwe wake, analima alizeti. Nilipomwomba radhi kwa hali yake alinishangaa. "Niliwaambia nataka kuishi," akasema. "Sikusema nataka kuishi na Juma."

Hapo ndipo nilipochoka. Si siku ile ya mkono ndani ya damu, siku hiyo nilikuwa imara kama nguzo ya umeme. Uchovu ulikuja miezi baadaye, nikiwa nimekaa tu. Mgonjwa akinieleza ugonjwa wake nasikia kama redio ya jirani. Nikiitwa wodini nakasirika na aliyeita, na aliyeugua, na aliyegundua ugonjwa. Nikaamua kuacha kazi nifuge kuku, ndoto ambayo kila mtumishi wa Singida anayo na kuku wenyewe wanaijua. Kabla ya kuacha nikaenda Singida Mjini kumtukana Daktari Kanti, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu.

"Matunda yako nimeyaona," nikamwambia. "Mama yangu haniitikii."

Akanisikiliza, akamimina chai. Kisha akanisimulia mwisho wa hadithi. Walishinda, ndiyo, lakini karibu kila mtu alikuwa amekufa. Mkubwa wa washindi alipopewa ufalme hakuutaka, hakulala, hakula. Na kabla ya kutawala ilibidi waende kwa mama mmoja wa upande ulioshindwa, aliyezaa watoto wengi wa kiume na kuwapoteza wote kwenye vita ile. Mama huyo alikuwa amejifunga kitambaa machoni kwa miaka mingi. Washindi wakainama mbele yake. Hasira yake ilikuwa kubwa hivi kwamba alipochungulia chini ya kitambaa na kuona tu vidole vya miguu vya yule mkubwa, kucha ziliungua zikawa nyeusi.

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Nani?"

"Mwenye kucha."

"Alibaki ameinama. Angekwenda wapi? Yule alikuwa mama."

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hakuniambia sehemu hii. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hafungi duka mchana. "Ningekuambia, nani angeshika zamu?"

Nilimkasirikia njia nzima ya kurudi. Lakini sikuacha kazi, na nikaanza kwenda Ihanja kila Jumamosi niliyokuwa na nafasi. Nimevaa viatu vya kufunika vidole, kwa tahadhari. Shikamoo ilikuwa kazi yangu, nikaifanya. Marahaba haikuwa yangu, nikaacha kuisubiri mlangoni. Hili kwenye semina halikuwemo, vijana. Mliambiwa msing'ang'anie matokeo, mkaelewa kwamba ukishafunga kidonda nenda nyumbani ukanywe soda baridi. Kutong'ang'ania matokeo si kuyakimbia. Ulichokifanya sawasawa kinaweza kumuumiza mtu unayempenda, na huyo mtu bado yupo, ana nyumba, na njia ya kwenda kwake ni ileile.

Mama naye alitafuta njia ya kufanya kazi. Akawa ananisemesha kupitia Zainabu. "Mwambie mgeni ugali unapoa." "Mwambie amekonda, huko kwao hawapiki?" Zainabu alikaa katikati yetu akitafsiri Kinyaturu kwa Kinyaturu. Na chakula cha mama, maji yake ya kuoga, vidonge vyake vya sukari, vyote vilitoka kwenye mikono ya huyohuyo ambaye angekuwa kaburini akimsubiri Juma kwa adabu. Sikulisema hilo hata siku moja. Mama hakuwa kipofu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda nikiwa mstaafu. Zainabu alikuwa amepeleka alizeti kukamua. Mama alikuwa peke yake juani, mlangoni mwa jiko, kuku wanadonoa kandokando yake. Nikapiga goti, nikasalimia. Kimya. Mkalimani hakuwepo, na mama akaangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza fimbo. Mwisho akamgeukia tetea mweupe.

"Mwambie mgeni kuna uji ndani."

Nikamjibu tetea kwamba nimeshiba.

"Basi mwambie asisimame hapo kama askari wa mgambo."

Nikakaa. Ndipo ikanifikia harufu, na harufu ile haihitaji stashahada. Mguu wa kushoto alikuwa ameuficha chini ya khanga, umefungwa kitambaa. Nikauchukua mapajani mwangu. Hakuuvuta. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, kimekauka, na wekundu ulikuwa umeanza kupanda juu ya unyayo.

"Mikono yake baridi," mama akamwambia tetea.

Nilikaa na mguu ule mkononi. Ningeweza kumpigia baba mdogo, bado yu hai na bado anapenda uenyekiti. Ningeweza kumbeba tu, maana amekuwa mwepesi sana, na hilo liliniuma.

"Mama," nikasema, "sisemi na kuku sasa. Kidole hiki kimekufa. Kinatakiwa kikatwe leo, kuna daktari kijana mjini, mikono yake ni mizuri, nilimfundisha mwenyewe. Tukikaa, utaondoka mguu, na baada ya mguu utaondoka wewe. Lakini mguu ni wako. Sitaitisha kikao. Nakuuliza wewe."

Mama aliangalia kidole chake kwa muda mrefu. Kuku wakapita katikati yetu wakaenda zao. Alipoinua uso, hakumtafuta tetea. Alinitazama mimi.

"Na Juma?"

"Juma yuko Rungwa, mama. Ameingia porini."

Akavuta khanga yake begani, akaiweka sawa, akaninyooshea mkono nimwinue.

"Basi usimsubiri."